Kukaa Puani, Si Kunusa: Jeli za Nyuzinano kwa Dawa za Protini na Lugha ya Kuzieleza

Ikisiri

Dawa nyingi zinazotegemewa leo katika tiba ya kisukari, saratani na maradhi ya kinga ni protini, na takriban zote huingia mwilini kwa sindano. Makala haya yanaeleza jitihada za kuzipitisha puani zikiwa ndani ya jeli iliyoundwa kwa nyuzi za kiwango cha nanomita. Yanafafanua kwa nini pua ni njia yenye mvuto na yenye vikwazo, jinsi jeli hiyo inavyofanya kazi, na mambo ambayo haiwezi kuyatatua. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi ya kwanza ya jeli ni kuirefushia dawa muda wa kukaa juu ya utando wa pua, na kwamba vitenzi vya Kiswahili vilivyozoeleka kuhusu pua na dawa, hususan kunusa, kuvuta, kupulizia na kuganda, vinaweza kumwelekeza mtumiaji kinyume cha kazi hiyo.

Sindano iliyodumu karne nzima

Mnamo Januari 1922, katika hospitali moja ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini, akawa mtu wa kwanza mwenye kisukari kutibiwa kwa dawa hiyo. Tangu hapo insulini yenyewe imebadilika sana. Ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, kisha ikaanza kutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, na baadaye ikarekebishwa ili ifanye kazi haraka zaidi au polepole zaidi. Kilichobadilika kidogo ni njia ya kuingilia mwilini. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, awe Toronto, Tanga au Bujumbura, bado huchomwa sindano mara kadhaa kwa siku, isipokuwa wale wachache ambao familia zao zinamudu pampu.

Sababu si uzembe wa watafiti. Insulini ni protini, yaani mnyororo wa asidi amino uliokunjwa katika umbo maalumu, na umbo hilo ndilo linaloipa nguvu ya kutibu. Tumbo halina namna ya kuitambua kuwa ni dawa. Huishughulikia kama linavyoshughulikia maharage au nyama. Asidi hulegeza mikunjo yake na vimeng'enya huikatakata hadi ikawa chakula. Hata kama kipande kizima kingeponea chupuchupu, ukuta wa utumbo haukujengwa kupitisha kitu cha ukubwa huo. Molekuli ya aspirini ina uzito wa daltoni 180 hivi. Insulini, yenye asidi amino 51, ina daltoni zipatazo 5,800, nayo ni protini ndogo. Kingamwili zinazotumika kutibu saratani hukaribia daltoni 150,000.

Watafiti wamejaribu milango mingine. Mwaka 2006 insulini ya kuvutwa hadi mapafuni iliidhinishwa Marekani na Ulaya kwa jina la Exubera. Mwaka uliofuata mtengenezaji aliiondoa sokoni kwa kukosa wanunuzi. Kisa hicho hutajwa mara nyingi kama onyo kwa wote wanaodhani kwamba kuondoa sindano peke yake kunatosha kumshawishi mgonjwa, daktari na mlipaji.

Pua kama njia

Ndani ya pua ya mtu mzima mna eneo la takriban sentimita mraba 150, kubwa kuliko umbo la nje linavyodokeza, kwa kuwa kuta zake zimekunjamana. Chini ya utando ute unaozifunika kuta hizo umesambaa mtandao mnene wa mishipa midogo ya damu. Dawa inayopenya hapo huingia katika mzunguko wa damu bila kupita tumboni na bila kuchujwa kwanza na ini. Wazee wanaonusa ugoro wameujua ukweli huu kwa vizazi, ingawa hawakuuandikia makala: tumbaku iliyosagwa hufika kichwani bila moshi na bila kumezwa.

Hata hivyo, kilicho rahisi kwa nikotini si rahisi kwa protini. Nikotini ni molekuli ndogo ya daltoni 162 inayopenya tando za seli kwa wepesi. Kadiri molekuli inavyopita daltoni 1,000, ndivyo kiasi kinachovuka utando wa pua kinavyopungua. Seli za juu za utando huo zimeshonana kwa viungio vibanifu ambavyo kazi yake ni kuzuia, na protini haina budi kupenya kati ya seli hizo au kumezwa na seli yenyewe na kutolewa upande wa pili. Desmopresini, homoni bandia ya daltoni zipatazo 1,070 inayotumika kupunguza mkojo, hutolewa kwa njia ya pua, lakini ni sehemu tatu au nne tu kati ya mia zinazofika katika damu. Kalsitonini ya samaki aina ya samoni, yenye daltoni zipatazo 3,400, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya mifupa dhaifu, nayo kwa wastani hufikisha asilimia 3 hivi. Glukagoni ya puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa ajili ya kumwokoa mgonjwa ambaye sukari yake imeshuka mno, hutolewa miligramu 3 mahali ambapo sindano ingetosha miligramu 1.

Mifano hii inathibitisha mambo mawili kwa pamoja. Njia ipo, na imekwisha kutumika kwa dawa halisi. Lakini ni njia ya ubadhirifu, na ubadhirifu huo unavumilika tu iwapo dawa ni ya bei nafuu au dozi yake ni ndogo sana.

Kikwazo kinachohusu zaidi makala haya ni muda. Juu ya seli za pua kuna silia, vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kasia zaidi ya mara kumi kwa sekunde na kuusukuma ute kuelekea kooni kwa kasi ya takriban milimita 5 kwa dakika. Huu ni utaratibu wa usafi: vumbi, bakteria na poleni hunaswa katika ute, husukumwa nyuma, humezwa. Dawa nayo haisamehewi. Kimiminika cha kawaida kinachonyunyizwa puani huwa kimeondoka nusu yake ndani ya dakika 15 hadi 20, na kikishamezwa hukutana na tumbo lilelile lililokuwa likikwepwa. Wala haiwezekani kufidia kwa kuongeza wingi, kwa sababu kila tundu la pua hubeba takriban mililita 0.1 tu kwa mara moja, kinachozidi hutiririka.

Jeli iliyofumwa na nyuzi zisizoonekana

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Nyuzi zinazozungumziwa hapa zina unene wa nanomita 3 hadi makumi machache, ilhali urefu wake unaweza kuzidi unene huo mara mia au zaidi. Umbo hilo jembamba na refu ndilo lenye siri. Nyuzi chache mno, asilimia 1 au 2 ya uzito na wakati mwingine pungufu ya hapo, zikitawanywa katika maji hupishana na kushikamana hadi maji yote yakasimama. Kinachopatikana ni jeli ambayo karibu yote ni maji, na bado haimwagiki.

Nyuzi hizo hutoka katika vyanzo mbalimbali. Selulosi, ambayo ni mwili wa mimea yote, ndiyo chanzo chenye wingi zaidi. Mwaka 2006 kundi la Akira Isogai na Tsuguyuki Saito wa Chuo Kikuu cha Tokyo lilionyesha kwamba selulosi ya mbao ikishughulikiwa kwa kichocheo kiitwacho TEMPO hupata chaji hasi juu ya nyuzi zake, nyuzi zikasukumana, na kwa kukorogwa kwa nguvu ndogo zikaachana moja moja hadi unene wa nanomita 3 au 4. Kabla ya hapo kazi hiyo ilihitaji nishati kubwa mno. Kitini, inayopatikana katika maganda ya kaa na kamba na pia katika uyoga, hutoa nyuzi za namna hiyo, ila zikiondolewa asetili juu yake huwa na chaji chanya.

Chanzo cha tatu kina historia ya kupendeza zaidi. Shuguang Zhang, alipokuwa akichunguza protini moja ya hamira katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, aliona kipande chenye mpangilio wa kujirudiarudia usio wa kawaida. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha habari kwamba mnyororo mfupi wa asidi amino 16 wenye mpangilio huo, ukitiwa katika maji yenye chumvi, hujipanga wenyewe na kuwa utando unaoonekana kwa macho. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana peptidi iitwayo RADA16, ambayo asidi amino zake hupokezana: yenye chaji chanya, isiyopenda maji, yenye chaji hasi, isiyopenda maji, na kuendelea hivyo. Minyororo hiyo ikikutana na chumvi za mwili hulaliana bega kwa bega na kuwa nyuzi za nanomita kama 10, na nyuzi huwa jeli yenye maji zaidi ya asilimia 99. Jeli hiyo tayari hutumiwa na madaktari wa upasuaji kuzuia damu, pamoja na upasuaji wa pua. Kwa hiyo wazo la kuweka jeli ya nyuzinano katika pua ya binadamu si la kubuni tu.

Jinsi jeli inavyoibeba protini mara nyingi huelezwa kwa mfano wa wavu. Mfano huo unavutia lakini unapotosha. Wavu humnasa samaki mkubwa na kumwachia mdogo, kwa hiyo msikilizaji hudhani kwamba protini imenaswa kwa kuwa ni kubwa kuliko matundu. Kwa kawaida sivyo. Matundu katika jeli ya RADA16 hukadiriwa kuwa ya nanomita 5 hadi 200, na molekuli nyingi za protini ni za nanomita chache tu, zinapita. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni mizizi ya mikoko wakati maji yamejaa. Mizizi hiyo inachukua nafasi ndogo, na dagaa hupenya kati yake bila kuzuiwa, lakini njia yao haiwezi kunyooka. Huzunguka, hurudi, husita. Maji yenyewe hupoteza kasi, na tope linatua. Ndivyo protini inavyosafiri ndani ya jeli: haikufungwa, imecheleweshwa. Pale ambapo nyuzi zina chaji kinyume na ya protini, kuchelewa huongezeka kwa sababu protini hushikwa na kuachiwa tena na tena, na hapo mtengenezaji hupata nafasi ya kupanga kasi ya dawa kutoka, saa moja au saa kadhaa, kwa kuchagua aina ya nyuzi na wingi wake.

Sifa ya pili ni ile inayofahamika na yeyote aliyewahi kupigapiga kitako cha chupa ya sosi ya nyanya. Sosi imekaa tuli, haitoki. Ikitikiswa, inalegea ghafla na kumwagika. Ikifika kwenye sahani, inatulia tena. Jeli za nyuzinano hufanya vivyo hivyo kwa sababu nyuzi zake zimeshikana kwa vifungo dhaifu. Zikisukumwa katika mdomo mwembamba wa pampu, vifungo huachia na nyuzi hulala upande mmoja, jeli ikatoka kama maji. Msukumo ukikoma, vifungo hurudi. Hivyo kitu kizito kiasi cha kutotiririka kooni kinaweza kunyunyizwa kwa kidole kimoja. Jeli nyingine zinazojaribiwa kwa pua hutegemea joto la mwili au chumvi za ute ili zisimame. Za nyuzi zina faida kwamba husimama zenyewe mara tu zinapoachwa.

Sifa ya tatu ni kugandama. Ute wa pua una protini zenye sukari nyingi na chaji hasi, kwa hiyo nyuzi zenye chaji chanya, kama zile za kitini iliyoondolewa asetili, huvutwa nao. Mizizi ya wazo hili iko katika kazi ya Lisbeth Illum na wenzake, waliochapisha mwaka 1994 kwamba kitosani, jamaa ya kitini, iliongeza upenyaji wa insulini katika pua za panya na kondoo. Iligunduliwa pia kwamba kitosani hailazi dawa juu ya utando tu, bali hulegeza kwa muda viungio vibanifu kati ya seli. Faida hiyo ya pili ndiyo inayohitaji tahadhari, kama inavyoelezwa hapa chini.

Yasiyotatuliwa na jeli

Mshauri wa sera anayesikia maneno "dawa isiyo na sindano" huweza kuunganisha haraka na maneno "dawa isiyo na jokofu". Ni mambo mawili tofauti. Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Glukagoni ya puani iliyotajwa huvumilia hadi nyuzijoto 30, lakini sababu ni kwamba ni poda kavu. Jeli ni maji kwa sehemu kubwa, na protini iliyo katika maji huendelea kuharibika kwa joto isipokuwa ithibitishwe vinginevyo kwa dawa moja moja. Nyuzi zinaweza kupunguza mgongano wa molekuli za protini, lakini hilo ni jambo la kupimwa, si la kudhaniwa. Kwa zahanati isiyo na umeme wa uhakika, poda ya puani inaweza kuwa habari njema kuliko jeli.

Jambo jingine ni kwamba kazi nyingi iliyochapishwa kuhusu jeli za nyuzinano na protini za puani imefanyika maabara na kwa wanyama. Panya hutumiwa zaidi, na pua ya panya si pua ndogo ya binadamu. Kwa panya, eneo la kunusia hukaribia nusu ya utando wote. Kwa binadamu halifiki sehemu moja kwa kumi. Aidha, panya wengi hupewa dawa wakiwa wamelazwa chali chini ya nusukaputi, hali ambayo hupunguza kazi ya silia. Muda wa dawa kukaa puani unaopimwa hivyo huelekea kuwa mrefu kuliko utakaopatikana kwa mwanafunzi anayekimbilia darasani huku akipenga kamasi.

Kisha ni suala la usalama. Katika majira ya baridi ya 2000 na 2001, Uswisi ilitumia chanjo ya mafua ya kunyunyizwa puani iliyochanganywa na sumu ya bakteria wa E. coli kama kichocheo cha kinga. Baadhi ya waliochanjwa walipooza upande mmoja wa uso. Chanjo iliondolewa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulikadiria kwamba hatari ya kupooza huko kwa waliochanjwa ilikuwa takriban mara 19. Chanjo hiyo haikuwa jeli, wala nyuzi hazikuhusika. Lakini ilionyesha kwamba pua ni jirani wa karibu wa mishipa ya fahamu, na kitu kinachotumainiwa kuamsha utando huo kinaweza kuamsha na kisichotakiwa. Mwongozo unaotokana nayo ni wa moja kwa moja: jeli inayolegeza viungio vya seli inavilegeza kwa dawa na kwa kila kilichopo puani wakati huo, vumbi na bakteria wakiwemo. Kwa dozi moja ya dharura hilo linaweza kukubalika. Kwa insulini ya kila siku kwa miaka arubaini, swali ni zito zaidi.

Katika utafiti wa kupeleka insulini kwenye ubongo kwa njia ya pua, nako kulikuwa na funzo la aina nyingine. Jaribio la Marekani lililohusisha watu 289 wenye upungufu wa kumbukumbu au ugonjwa wa Alzheimer katika hatua za mwanzo, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2020, halikuonyesha nafuu baada ya mwaka mmoja. Kifaa cha kwanza cha kunyunyizia hakikutegemeka, ikabidi kibadilishwe baada ya washiriki 49. Dawa ya puani haiwi dawa peke yake. Ni dawa, kifaa na mkono unaokishika, na mkono huongozwa na maneno.

Vitenzi vya pua

Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya nyuzi. Wanapwani hutofautisha usumba wa nazi uliokwisha kutolewa katika makumbi, ukindu wa kusukia mikeka, ugwe, ukambaa na kitani. Wakulima wa mkonge wana singa na katani. Kwa hiyo kutohoa neno la Kiingereza lenye maana ya uzi, wakati unyuzi upo, ni kujinyima bila sababu. Makala haya yametumia unyuzinano, wingi nyuzinano. Unyuzi umechaguliwa badala ya uzi kwa kuwa uzi katika matumizi ya kawaida ni kitu kilichokwisha kusokotwa, ilhali unyuzi ni kile kinachotangulia kusokota. Kiambishi nano kimeachwa kama kilivyo katika lugha nyingi za dunia. Mwanafunzi anaweza kukisikia kama nane mara ya kwanza, lakini hiyo ni kero ya wiki moja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, wakati nano haijawa somo la darasani, na pengo hilo si kosa la waliotangulia.

Majina, hata hivyo, si tatizo kubwa. Mgonjwa anaweza kuishi maisha marefu bila kujua unyuzinano ni nini. Hatari imo katika vitenzi, maana vitenzi ndivyo vinavyotekelezwa.

Kitenzi cha kwanza kinachomjia msemaji wa Kiswahili ni kunusa. Dawa ya puani huitwa kwa urahisi dawa ya kunusa, kwa mfano wa ugoro. Kunusa ni kuvuta hewa kwa ndani kwa makusudi. Mtu akiivuta jeli hivyo, huikokota kutoka sehemu ya mbele ambako inapaswa kukaa na kuipeleka kooni kabla silia hazijaanza kazi. Kuvuta kuna ubaya uleule, na zaidi ya hapo kimeshikwa na dawa ya pumu, ambayo kweli inapaswa kufika mapafuni. Mgonjwa mwenye dawa zote mbili nyumbani atafanya kosa katika moja. Kwa glukagoni ya puani, kunusa hakuwezekani kabisa: mgonjwa huwa amezimia, na anayetia dawa ni mama, ndugu au mwalimu. Dawa hiyo hupenya bila kuvutwa, na hata mafua ya kawaida hayakuonekana kuizuia katika majaribio. Maelekezo yake yanahitaji kauli ya kutendea yenye mtendaji mwingine: mtilie puani, hata kama hapumui kwa nguvu.

Kupulizia kinaelekea kuwa sahihi zaidi, lakini kimezoeleka kwa dawa za mbu, kunguni na shamba. Kwa kuwa neno dawa lenyewe linabeba tiba na viuatilifu kwa pamoja, "dawa ya kupulizia" ikiwa imewekwa kwenye rafu ya nyumbani si jina la kutegemewa. Unga ni mtego mwingine. Glukagoni kavu ya puani ni unga kwa maana ya kawaida, ila katika mitaa ya Mombasa na Dar es Salaam anayetia unga puani anajulikana kwa jina jingine. Poda inafaa. Kwa kimiminika na jeli nyepesi, kunyunyizia puani kunaeleza kitendo bila kuleta dhana ya kuvuta wala ya sumu. Kwa jeli nzito isiyotoka kwa pampu, kupaka ndani ya tundu la pua kunatosha.

Kitenzi chenye utata zaidi ni kuganda. Mwandishi anayeeleza sayansi ataandika bila wasiwasi kwamba jeli huganda puani, kama maziwa yanavyoganda. Lakini mtumiaji wa insulini amefundishwa kwa kitenzi hichohicho kwamba dawa isigande, yaani isipatwe na barafu, kwa sababu protini iliyogandishwa huharibika. Karatasi moja ya maelekezo inaweza basi kusema kwamba dawa isiachwe igande na kwamba dawa ikiganda ndiyo inafanya kazi. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi yoyote ya hizo mbili. Kosa limo katika kukutana kwake. Inapendekezwa kuganda kiachwe kwa baridi na damu, na tabia ya jeli ielezwe kwa kutulia: jeli hulegea inapobonyezwa, hutulia inapofika puani. Kwa mshikamano wake na ute, lugha inacho kitenzi kilicho tayari, kugandama, ingawa katika maelekezo ya mgonjwa kunata kutaeleweka upesi zaidi.

Nani aulize, na lini

Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuwianisha udhibiti wa dawa ulianza mwaka 2012, na kwa upande wa lugha, Rwanda iliipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Michakato hii miwili imekwenda sambamba bila kukutana sana. Mdhibiti huomba takwimu za usafi wa malighafi, uthabiti wa dawa na usalama kwa wanyama na watu. Kuhusu Kiswahili, huridhika mara nyingi na tafsiri iliyofanywa mwishoni, kutoka karatasi ya Kiingereza au Kifaransa, na mtu ambaye hajawahi kuiona pampu yenyewe.

Kwa jeli za puani utaratibu huo haufai, kwa kuwa kiasi kinachofika katika damu hutegemea kitendo cha mtumiaji kuliko inavyokuwa kwa kidonge. Kidonge kikimezwa kwa maji mengi au machache bado kimemezwa. Jeli ikivutwa, imepotea. Lililo jepesi kwa wadhibiti ni kudai kwamba maelekezo ya Kiswahili yajaribiwe na watumiaji halisi wakishika kifaa kitupu mkononi, katika vituo vinavyotofautiana kimatumizi, kwa mfano Unguja, Kampala na Lubumbashi, kabla ya kuidhinishwa. Kipimo kinaweza kuwa cha kawaida kabisa: mtu asome, atende, na mtazamaji aandike kama alivuta pumzi, kama aliinamisha kichwa au alikirudisha nyuma, na kama alipenga kamasi baadaye.

Upande wa malighafi kuna mvuto wa kikanda unaohitaji kupimwa kwa kichwa baridi. Takriban theluthi mbili za uzito wa katani ni selulosi, na maabara kadhaa duniani zimekwisha kuzalisha nyuzinano kutokana na mkonge. Wazo la Tanga kulisha viwanda vya dawa linapendeza, lakini umbali kati ya katani ya kamba na selulosi ya puani ni mkubwa. Selulosi ya tiba lazima iondolewe mabaki ya bakteria yanayoamsha homa, iwe na urefu na chaji zisizobadilika kutoka fungu moja hadi jingine, na ifuatiliwe kwa nyaraka tangu shambani. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja selulosi, kwa hiyo jeli yake hutegemea silia kuiondoa na tumbo kuipitisha; kitini, kwa upande wake, huvunjwa kiasi na lisozaimu iliyomo katika ute wenyewe. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua ipi itumike kwa dawa ya kila siku, na maganda ya kamba wa pwani yanaweza kuitangulia katani.

Kati ya sentensi zinazoweza kuanza kujaribiwa sasa, kabla jeli yoyote ya aina hii haijafika, zimo hizi: "Inamisha kichwa kidogo mbele. Nyunyizia mara moja katika kila tundu la pua. Usivute pumzi kwa puani unaponyunyizia. Pumua kwa mdomo. Usipenge kamasi kwa muda ulioandikwa hapa." Neno ambalo huenda likabadilika kutoka kituo hadi kituo ni kupenga.